Maskati, Ibra, Tabora: njia moja inayosimuliwa nusu

Safari za kuongozwa nchini Omani, ziuzwe London, Dubai au Dar es Salaam, hufuata takriban mzunguko mmoja. Mgeni hutua Maskati, akatembezwa soko la Mutrah, akashuka kwa barabara ya pwani hadi Suri kuona majahazi. Hapo hugeukia bara, akalala hemani kwenye mchanga wa Wahiba, akapita Ibra, akajitahidi kufika Nizwa siku ya Ijumaa ili auwahi mnada wa mifugo. Mwisho hupanda Jabal Akhdar kuona makomamanga na, ikiwa ni mwezi wa Aprili, waridi zinazochemshwa kutoa marashi. Ni mzunguko mzuri, na sina neno na milima wala na jangwa. Neno langu ni juu ya maelezo yanayouzwa pamoja nao.

Maelezo hayo yanasema Omani ilikuwa nchi mbili. Pwani ilikuwa ya mabaharia, Wahindi, Wabulushi na Waswahili, iliyouza na kununua dunia nzima. Bara ilikuwa ya Maimamu, mitende na mifereji, iliyojifungia nyuma ya milima ikamcha Mungu na kuiacha bahari kwa wenye tamaa. Watalii wanayapenda sana masimulizi haya, kwa kuwa yanawapa miji ya biashara siku ya kwanza na upweke wa kale siku ya nne.

Tuwe waadilifu: si waongoza watalii walioyatunga. Mpaka mwaka 1970 jina rasmi la nchi lilikuwa Usultani wa Maskati na Omani, kama vile Maskati haikuwa Omani. Mkataba wa Sib wa 1920 ulimwachia Sultani pwani, na bara ikaendelea kujiendesha chini ya Imamu. John Wilkinson, katika kitabu chake cha 1987 juu ya mapokeo ya Uimamu, ameonyesha kwa subira kubwa jinsi Uimamu ulivyozaliwa, ukanenepa, ukageuka ufalme na kuanguka, mara kwa mara, kwa sababu zilizotoka ndani ya jamii ya makabila yenyewe. Hakuna anayeandika juu ya Omani bila kumsoma. Lakini mgawanyo wa utawala haukuwa mgawanyo wa mali, na hapo ndipo njia ya Suri, Ibra na Nizwa inapodai kusomwa upya.

Njia yenyewe ni ya zamani. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alivuka bahari kurudi Uarabuni, akashuka Suri, akatembea kwa miguu hadi Qalhat, kisha akakata jangwa kwenda Nizwa. Kati ya Suri na Qalhat alikodi mwongozaji aliyetaka kumwibia nguo zake, jambo linalotupa labda lalamiko la kwanza kuandikwa dhidi ya huduma za utalii katika njia hii. Qalhat iliuza farasi India, ikapigwa na Wareno mwanzoni mwa karne ya 16, na leo ni magofu yaliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2018. Wareno walifukuzwa Maskati mwaka 1650 na Ngome ya Yesu ya Mombasa ikaanguka mwaka 1698. Hayo yote yameandikwa sana, tuyapite.

Msafiri ninayetaka tukae naye ni James Raymond Wellsted, luteni wa jeshi la majini la India, aliyefika Maskati Novemba 1835. Kitabu chake kilichapwa London mwaka 1838, na wanaokitaja siku hizi wengi wao hukitaja kwa ajili ya maandishi ya kale aliyoyagundua kusini mwa Yemen, si kwa ajili ya Omani. Ni hasara, maana Wellsted alipita karibu mzunguko uleule wa leo: Maskati, Suri, Jaalan, ukingo wa mchanga wa Wahiba, Ibra, Nizwa, Jabal Akhdar, akarejea pwani. Mwenyeji wake alikuwa mtawala wa Maskati, Sayyid Said bin Sultan mwenyewe, aliyempa ruhusa, barua na waongozaji. Wellsted anamwita Imamu kitabu kizima, kama walivyofanya Waingereza wa wakati wake, ingawa Said hakuchaguliwa kuwa Imamu hata siku moja.

Mapokezi aliyoyapata Jaalan yanasomeka kwa mshangao. Mwaka 1820 kabila la Bani Bu Ali lilikuwa limelishinda jeshi la Kiingereza lililokwenda kumsaidia Said, na mwaka uliofuata Waingereza walirudi na jeshi kubwa zaidi wakaubomoa mji. Miaka isiyofika 15 baadaye anatokea Mwingereza, na watu walewale wanamkaribisha kwa ngoma na chakula. Jabal Akhdar nako aliwakuta Bani Riyam wakikamua zabibu na kunywa mvinyo bila kujificha, habari ambayo sijaisikia kwa mwongozaji yeyote. Nizwa homa ikamwangusha yeye na watu wake, na safari yake ya kuelekea Najd ikazimika.

Wellsted alikuwa na jicho zuri kwa visima, mitende na majengo. Alichokosa ni swali moja. Aliziona bustani za Ibra na nyumba ndefu za miji ya Sharqiya, mkoa wa Ibra, wala hakuuliza fedha za kuzijenga zilitoka wapi. Jibu liko upande wa pili wa bahari, na sehemu kubwa yake imehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar.

Huko kuna hati za madeni za karne ya 19, zilizoandikwa kwa Kiarabu: fulani bin fulani amekiri kwamba anadaiwa riyali kadhaa na fulani, muda wa miezi kadhaa, na ameweka shamba au nyumba yake dhamana. Thomas McDow alizifanya msingi wa kitabu chake cha 2018, na kwa maoni yangu hakuna kazi ya miaka ya karibuni iliyoifanyia historia ya Omani ya bara jambo kubwa kuliko hili. Hati hizi zimejaa watu wa Sharqiya na wa miji ya ndani, watu wa mitende na mifereji, walewale wanaosemwa hawakuijua bahari.

Ili kuelewa kwa nini walivuka, mtalii aiangalie falaji, yaani mfereji wa kumwagilia, vizuri zaidi anapopigishwa picha kwenye Falaj Daris ya Nizwa, mojawapo ya zile 5 zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2006. Maji ya falaji hugawanywa kwa muda: zamu yako hupimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, na zamu hiyo unaweza kuirithi, kuikodisha au kuiuza. Mvua zikikosekana miaka miwili mitatu mfululizo, mkondo hupungua, zamu ileile ikatoa maji machache, na mitende ya pembezoni ikafa kwanza. Mtende mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mwenye shamba aliyebanwa alikuwa na mlango mmoja uliokubalika kisheria, yaani kuuza kwa sharti la kukomboa: anampa mwenye fedha shamba, anapokea riyali, na akizirudisha ndani ya muda waliokubaliana shamba linamrudia. Swali likawa atazipata wapi riyali za kukombolea, na tangu miaka ya 1820 jibu likawa Unguja.

Kule palikuwa na karafuu na palikuwa na pembe za ndovu. Palikuwa pia na wafanyabiashara wa Kihindi waliokubali kumkopesha mtu kwa pembe ambazo bado zilikuwa mdomoni mwa tembo, wakubwa wao wakiwa nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi. Mtu wa Ibra alishuka Suri, akangoja kaskazi, akafika Unguja, akakopa vitambaa na shanga, akavuka Bagamoyo na kupanda hadi Tabora.

Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwishoni mwa 1857, aliyewapokea ni Snay bin Amir wa kabila la Wahirth, kabila ambalo kitovu chake ni hiyohiyo Sharqiya ambako magari ya watalii husimama kujaza upepo baada ya kutoka mchangani. Burton anasema Snay alianza maisha kama mpika halua Maskati, na katika muda wa miaka 16 alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa Afrika Mashariki. Aliuawa katika vita dhidi ya mtemi Mnywa Sere. Babake mfanyabiashara mashuhuri Tippu Tip alikuwa mkazi wa Tabora na alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira. Nikimsoma Snay, naona mtu wa halua ya Maskati, wa deni la Unguja na wa vita vya Unyamwezi kwa wakati mmoja, na sioni mahali pa kuupitisha ule mstari wa pwani na bara.

Siasa nayo ilivuka. Wahirth wa Unguja ndio waliomuunga mkono Barghash alipomwasi kaka yake Majid, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1859, uasi uliozimwa kwa msaada wa manowari za Kiingereza na kumpeleka Barghash uhamishoni Bombay. Miaka 9 baadaye, Saleh bin Ali al-Harthi wa Sharqiya alikuwa nguzo ya Imamu Azzan bin Qais alipoitwaa Maskati. Na Barghash, alipokuwa Sultani wa Zanzibar, alianzisha kiwanda cha uchapaji kilichochapa vitabu vikubwa vya fikihi ya Kiibadhi, madhehebu ya Uimamu, kikiwemo Qamus al-Sharia. Yaani elimu ya Nizwa, inayosemwa ilijifungia mlimani, ilipata matbaa yake Unguja. Abu Muslim al-Bahlani, mshairi anayesomwa na kupendwa kuliko wengi huko Omani ya ndani, aliishi na kufia Zanzibar mwaka 1920, na gazeti lake al-Najah lilianza kutoka huko mwaka 1911. Sidhani dai la bara iliyojifunga linahitaji kupingwa zaidi ya hapo.

Kuna masimulizi mengine yanayotaka kuziba pengo hili la uhusiano na Afrika Mashariki, na haya nayapa nafasi ndogo. Ni yale ya udugu: kwamba Waarabu na Waswahili walikuwa familia moja, wakioana na kula pamoja, na habari ya utumwa ilitiwa chumvi na Wazungu. Kuoana kulikuwepo. Utumwa pia ulikuwepo, na Wellsted, aliyekuwa mgeni wa Said na mwenye kumsifu, aliandika wazi juu ya watumwa waliouzwa Maskati, waliotoka pwani yetu na wale waliotoka Uhabeshi. Hoja kwamba walikuwa watumishi wa majumbani tu imevunjwa na Matthew Hopper katika kitabu chake cha 2015. Kadiri soko la tende lilivyopanuka, hasa Marekani, ndivyo mashamba ya pwani ya Batina yalivyohitaji mikono ya kuteka maji, na kadiri lulu za Ghuba zilivyopanda bei ndivyo wazamiaji walivyotafutwa. Mikono mingi ilitoka Afrika Mashariki. Utumwa ulifutwa kisheria Omani mwaka 1970, ndani ya umri wa watu walio hai.

Ndiyo maana Suri inanikera kidogo. Mgeni huonyeshwa Fatah al-Khair, ghanja (aina ya jahazi) iliyoundwa mwaka 1951, nayo ni chombo cha kupendeza kweli. Halafu huambiwa habari za Sindbad, na za jahazi lililoundwa hapo na kupelekwa hadi China na Tim Severin mwaka 1980 na 1981. Hatajiwi kesi ya The Hague. Mwaka 1905 Uingereza na Ufaransa zilifikishana mbele ya mahakama ya usuluhishi huko, kwa sababu Wasuri walikuwa wakipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisiwapekue, na baadhi yao walibeba watumwa chini ya bendera hiyo. Hukumu ilibana sana haki ya Ufaransa ya kugawa bendera hizo. Mji wa watu waliozichezea dola mbili kubwa za dunia kwa kipande cha kitambaa una kisa kikubwa kuliko Sindbad, ingawa kina doa.

Karne ya 20 naigusa tu. Chini ya Jabal Akhdar liko gofu la Tanuf, lililopigwa kwa ndege za Kiingereza wakati wa vita vya Imamu Ghalib na Sultani Said bin Taimur. Msafara husimama hapo dakika chache. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 maelfu walikimbia Zanzibar, na baada ya Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 wengi walipokelewa Omani na kupewa kazi za ofisini, hospitalini na shuleni. Kiswahili chao kingali kinasikika Maskati na katika miji ya Sharqiya, na msomaji atakayekwenda hatakosa wa kumjibu salamu.

Kwa hiyo, ewe msomaji unayekusudia safari hii, nakuomba mambo mawili. Unapokata tiketi, dai nusu siku ya Ibra: soko la wanawake la Jumatano na mtaa wa kale wa al-Minzafah, ambako nyumba za ghorofa za wafanyabiashara zinabomoka. Na ukimkuta mzee anayezungumza Kiswahili, usimwache mwongozaji akujibie. Muulize babu yake alidaiwa na nani, shamba gani liliwekwa rehani, na nani waliolima lile la Unguja. Hati za upande wetu zipo Kilimani, Zanzibar, zinasubiri wasomaji wanaojua Kiarabu na Kiswahili kwa pamoja, na hao ni wachache mno.