Penélope: Mfumaji au Ndege wa Maji?

Wahispania huwapa mabinti zao jina la Penélope, na aghalabu wanaolichagua huwa na sura moja akilini: mke mvumilivu aliyemngoja mumewe miaka 20. Sura hiyo si ya uongo, ila imepunjwa. Katika utenzi wa Homer, Odyssey, Penelope ni mwerevu kabla ya kuwa mvumilivu. Waposaji 108 walipolijaza jumba lake kisiwani Ithaca, wakila mali na kumshurutisha aolewe, aliwaomba wamsubiri amalize kufuma sanda ya mkwewe, mzee Laertes. Mchana alifuma, usiku, kwa mwanga wa mienge, alifumua. Hila hiyo ilidumu miaka mitatu, hadi mjakazi mmoja alipoitoboa siri. (Hapa Kiswahili kimebarikiwa: kufuma na kufumua ni shina moja, na mfasiri hahangaiki.)

Ndiyo maana tangu kale jina hili limehusishwa na neno la Kigiriki pene, uzi wa mshindio. Maelezo haya yanapendeza mno, na huenda hiyo ndiyo kasoro yake: yaelekea hadithi ndiyo iliyolifasiri jina. Wanaisimu wengi huelekea kwenye penelops, ndege wa maji wa jamii ya bata. Wagiriki nao walikuwa na kisa cha binti huyo kutupwa baharini na kuokolewa na ndege hao.

Hispania ililipata jina kupitia Kilatini. Ndiyo sababu mkazo wake uko kwenye “né”, ilhali Wagiriki hukaza “lo”, kama atakavyofanya Mswahili yeyote akilisoma bila kufundishwa. Gonzalo Pérez alichapisha tafsiri ya vitabu 13 vya kwanza vya utenzi huo mwaka 1550, akaikamilisha mwaka 1556.

Lakini lililolifikisha jina vinywani mwa watu ni wimbo. Mwaka 1969 Joan Manuel Serrat aliimba “Penélope”, maneno yakiwa yake na muziki wa Augusto Algueró. Msichana ameketi kwenye benchi la stesheni ya treni, akimngoja msafiri aliyeahidi kurudi. Msafiri anarudi, msichana anamtazama, anakana kuwa ndiye.

Penelope wa Homer naye hakumkubali mgeni upesi. Aliamuru kitanda cha ndoa kitolewe nje ya chumba, akijua kuwa hakihamishiki, kwani nguzo yake ni kisiki cha mzeituni chenye mizizi ardhini. Odysseus akaghadhibika, akaeleza alivyokichonga kwa mikono yake. Hapo ndipo mkewe alipomkumbatia. Msichana wa Serrat hana kitanda cha kumpimia mtu. Anayemngoja ni kijana wa zamani, na huyo hakushuka katika treni yoyote.

Penélope Cruz alipozaliwa mwaka 1974 huko Alcobendas, karibu na Madrid, wazazi wake walimpa jina la msichana huyo wa benchini, si la malkia wa Ithaca.