Unafuu wa kodi na gharama za maisha nchini Tanzania

Unafuu wa kodi ni hatua ya serikali ya kupunguza au kufuta kodi ili wananchi wabaki na fedha zaidi. Nchini Tanzania umetumiwa mara kadhaa kupunguza ugumu wa maisha, lakini manufaa yake hutegemea kodi ipi imeguswa na nani huilipa.

Mnamo Julai 2021 kiwango cha chini cha kodi ya mishahara, maarufu kama PAYE, kilishushwa kutoka 9% hadi 8%. Kiwango hicho hutozwa kwenye sehemu ya mshahara kati ya shilingi 270,000 na 520,000 kwa mwezi, hivyo nafuu ya mfanyakazi haikuzidi shilingi 2,500. Mkulima wa mahindi wa Hanga, mkoani Ruvuma, hakupata hata hizo, kwa kuwa hana mshahara unaokatwa kodi.

Kwake ilikuwa na uzito zaidi kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliiita kodi ya kichwa. Ilidaiwa hata kwa watu wasio na kipato cha uhakika, mpaka ilipofutwa mwaka 2003.

Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ulipunguzwa kutoka 5% hadi 3% kwa mazao ya biashara na 2% kwa mazao ya chakula. Kisheria ushuru huo hulipwa na mnunuzi, kwa hiyo mkulima hunufaika pale tu mnunuzi anapoongeza bei. Kwa upande mwingine, halmashauri za vijijini hutegemea ushuru huohuo kugharimia huduma zao.