Hirta: Kisiwa Kilichopungukiwa Mikono

Asubuhi ya Agosti 29, 1930, watu 36 walipanda meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Harebell, wakakihama kisiwa cha Hirta. Hakubaki mwenyeji hata mmoja. Kondoo walikwishatangulizwa kwa meli nyingine, na mbwa walitoswa baharini. Inasimuliwa kwamba katika kila nyumba waliacha Biblia imefunguliwa na kirundo kidogo cha nafaka, kisha wakafunga milango.

Hirta ndicho kisiwa kikubwa katika funguvisiwa la St Kilda, kilomita 64 hivi magharibi ya North Uist, Scotland. Hakina msitu, upepo wake hauna adabu, na magenge yake yanapanda hadi mita 430 juu ya bahari. Hata hivyo, watu waliishi huko kwa karne nyingi.

Waliishi kwa ndege. Wanaume waliteremka magengeni kwa kamba, mara nyingi miguu mitupu, kuwinda ndege wa baharini na kukusanya mayai. Fulmar, ndege aliyependwa kuliko wote, alitoa nyama ya chungu na mafuta ya taa. Manyoya yake yalikwenda kulipa kodi kwa kabaila MacLeod wa Dunvegan, kule Skye. Nyama ilikaushwa katika cleit, vibanda vya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, juu vikaezekwa mawe bapa na majani mabichi. Upepo ulipenya kati ya mawe ukakausha, mvua ikabaki nje. Vibanda zaidi ya 1,200 vimehesabiwa Hirta peke yake.

Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, wanaume walikutana barabarani kuamua kazi ya siku. Wageni waliuita mkutano huo Bunge. Haukuwa na mwenyekiti wala ajenda, na mjadala ukinoga siku iliweza kupita bila kazi yoyote kufanyika. Mabunge yenye viti vya ngozi nayo huwa hivyo.

Wengi husema bahari ndiyo iliyowashinda watu wa Hirta. Kumbukumbu za kisiwa zinasema vingine: bahari waliizoea, lakini kilichowapunguza mara nyingi kilitoka bara. Agosti 1727 wanaume watatu na wavulana wanane walipelekwa kuwinda kwenye mwamba wa Stac an Armin. Ndui ikaingia kijijini, pakakosekana watu wa kutosha kuendesha mashua ya kuwarudisha. Walikaa mwambani hadi Mei 1728, wakila ndege na samaki, na walipookolewa walikuta jamaa zao wengi wamekwisha kufa.

Mwaka 1852 watu 36 walihamia Australia, na wengi wao walifia safarini. Vichanga nao waliuawa na pepopunda siku chache baada ya kuzaliwa, hadi miaka ya 1890, mchungaji Angus Fiddes alipokwenda Glasgow kujifunza kutunza kitovu kwa dawa ya kuua vijidudu. Vifo hivyo vikakoma. Meli za watalii wa kiangazi zilileta fedha, na zilileta pia mafua yaliyokilaza kijiji kizima. Mei 1918 nyambizi ya Kijerumani ilikipiga kisiwa mizinga. Hakufa mtu, ila vijana walikuwa wameshaona kwamba kuna maisha kwingine, wakaanza kuondoka.

Hapo hesabu ikagoma. Mashua inataka wapiga makasia, kamba ya gengeni inataka mtu wa kuishika juu, na wazee hawawezi yote mawili. Mei 1930 wakazi wenyewe waliiandikia serikali wakiomba kuhamishwa, na wengi walipelekwa Morvern. Baadhi ya wanaume, waliokulia kisiwa kisicho na msitu, walipewa kazi ya misitu! Ofisa aliyewapangia kazi hiyo hakika hakuuliza sana.

Tangu 1957 kisiwa kiko chini ya National Trust for Scotland, na mwaka huohuo wanajeshi walianza kujenga kituo chao cha rada. UNESCO ilikiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 1986. Rachel Johnson, wa mwisho kati ya wale waliohamishwa, alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 93. Msomaji atakayefika Scotland wakati wa kiangazi anaweza kupanda boti kutoka Harris au Skye kwenda kuiona Hirta, lakini ajue kwamba bahari ikichafuka, safari huahirishwa.