Kuaminiana Hakutumwi kwa Simu: Vijana, Biashara na Mahusiano katika Masisi na Walikale

Ushauri anaopewa kijana mfanyabiashara kuhusu simu umeshazoeleka: aizime wakati wa chakula, asilale nayo kando ya mto, atenge saa za familia. Mwanasaikolojia wa Marekani Sherry Turkle aliujengea hoja nzito mwaka 2011 katika kitabu chake *Alone Together*, akionyesha watu wanavyoketi pamoja huku kila mmoja akizama katika kioo chake. Sina ugomvi na ushauri huo. Ila unachukulia kwamba kazi iko upande huu na watu wako upande ule, na kwamba kijana anachohitaji ni kugawa saa zake vizuri. Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, kazi yenyewe ni watu. Anayeuza jibini, maharage, makaa au kasiteriti, yaani mawe ya bati, hupata mali kwa sababu kuna mtu anayemwamini, na simu ni chombo cha kuchota katika imani hiyo. Ninachodai ni kwamba simu hula akiba ya kuaminiana iliyowekwa mahali pengine. Yenyewe huweka kidogo mno. Kijana wa huko aulizwe mara ya mwisho aliweka lini, kabla ya kuulizwa anakesha saa ngapi kwenye skrini.

Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote jimboni, na sehemu yake kubwa ni msitu. Barabara ya kutoka Goma kupitia Sake na Masisi hadi huko inaonekana vizuri kwenye ramani tu. Miaka ya 2000, kasiteriti ya mgodi wa Bisie ilipovuma, ndege ndogo zilitua Kilambo, juu ya kipande cha barabara ya lami, zikarudi Goma zimejaa magunia ya mawe. Kabla ya minara kufika, wafanyabiashara walizungumza kwa foni, yaani redio za upepo. Mtu alipaza sauti ili asikike upande wa pili, na waliokuwa wakingoja zamu wakasikia naye bei, deni na habari ya msiba. Simu ya mkononi ilileta kasi, kweli, lakini kubwa zaidi ililoleta ni faragha. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Tazama biashara ya madini inavyokwenda. Kreze, yaani mchimbaji wa mikono, anaingia shimoni kwa chakula na zana alizokopeshwa na mwenye shimo. Mwenye shimo amepewa fedha na mnunuzi wa Mubi au Ndjingala, naye mnunuzi amepewa na nyumba ya biashara iliyoko Goma au Bukavu. Mnyororo mzima ni wa madeni, na kinachodhamini kila kiungo chake ni mtu kuliko karatasi. Leo kijana wa Ndjingala mwenye mega chache kwenye simu anaweza kujua bei ya bati sokoni London siku hiyo hiyo. Ni faida kubwa, maana baba yake alidanganywa bei kwa miaka. Lakini bei haishushi gunia mlimani. Mwanaanthropolojia James H. Smith, aliyeandika kuhusu wachimbaji na wachuuzi wa Kongo mashariki katika makala ya 2011 na kisha katika kitabu cha 2022, ameeleza jinsi bei zinazopanda na kushuka ghafla kwa sababu zilizo mbali zilivyowanyang'anya watu hawa uwezo wa kupanga kesho yao. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, na amri hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Siku kama hiyo simu inakwambia tu kwamba umefilisika. Kungoja au kutongoja ni uamuzi wa anayekudai, naye huamua kwa jinsi anavyokujua.

 

Jibini linaonyesha jambo hili kwa utulivu zaidi kuliko madini. Vilima vya Masisi ni vya malisho, na jibini lake la duara, ambalo Goma wanaliita fromaji, hukandwa katika vibanda vilivyo karibu na mazizi, hutiwa chumvi, huachwa rafuni likomae, kisha hushuka mjini kwa pikipiki au kichwani. Siku hizi kijana wa Goma anayelichuuza hupokea picha kwa WhatsApp: maduara yamepangwa juu ya mbao, rangi ya manjano, bei chini. Picha inaonyesha ganda. Kama ndani limepasuka, au maziwa yalilala kabla ya kupikwa, hilo hulijui mpaka kisu kipite. Mchuuzi aliyewahi kupanda hadi zizini, akala viazi na wenye nyumba, akajua nani hukamua na nani hutia chumvi, atapiga simu na mzigo mbovu utapunguziwa bei kwa dakika mbili. Asiyewahi kufika atapiga simu hiyo hiyo, kwa mtandao huo huo, na ataambiwa kwamba jibini liliharibiwa njiani na motari, yaani dereva wa pikipiki.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alitoa hoja iliyokuja kuwa maarufu, kwamba habari za fursa huja zaidi kupitia watu tunaojuana nao juu juu kuliko kupitia ndugu na marafiki wa ndani. Simu imewaongezea vijana wa Kivu watu wa aina hiyo maradufu, na hapo sina la kupinga. Ila fursa ikishajulikana, mtu anahitaji mtaji, mdhamini na mahali pa kulaza mzigo. Mwanaanthropolojia Janet MacGaffey, katika utafiti wake wa 1987 juu ya wafanyabiashara wa Kisangani, wakiwemo Wanande wa Kivu Kaskazini, alionyesha tabaka la watu waliojijengea mali nje ya mkono wa dola, wakitegemea ukoo na urafiki wakati taasisi za Zaire zilipokuwa zikioza. Taasisi hizo bado hazijapona. Kijana anayefundishwa ujasiriamali kana kwamba ana benki, mahakama na bima nyuma yake anafundishwa biashara ya nchi nyingine.

Wanyanga wa Walikale walilifikiria suala hili kabla yetu. Katika utendi wa Mwindo, uliorekodiwa mwaka 1956 kwa manju Shekarisi Rureke na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, shujaa anaposhuka kuzimu kumfuata baba yake humwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba. Kamba ikitulia kabisa, shangazi ajue kwamba mpwa wake amekufa. Wapo watakaoiona kamba hiyo kuwa babu wa simu. Mimi naangalia kilichotangulia: Iyangura ndiye aliyeipasua ngoma ambamo Shemwindo alikuwa amemfungia mwanawe na kumtupa mtoni. Alimpokea alipokuwa amekataliwa na baba yake. Kamba alikabidhiwa baadaye.

Ipo hoja ya upande wa pili, tena ina nguvu. Watu wa karibu wanalea, na watu wa karibu wanakula. Kijana anayefungua kabine ya kutuma pesa Masisi-kati atamwona mjomba akija na ugonjwa, binamu na karo, jirani na mkopo wa siku mbili usiokuwa na siku ya tatu. Faragha ya simu, ile niliyoitaja, ndiyo inayomwezesha kuweka faida mahali ambapo hakuna mtu anayeiona. Kwa mwanamke kijana faida ni kubwa zaidi: akaunti yenye namba yake ya siri inaweza kuwa mali ya kwanza maishani mwake isiyosimamiwa na baba wala mume. Anayesifia ukoo bila kulisema hili hajawahi kuwa na mtaji mdogo katikati ya ukoo mkubwa. Nakubali basi kwamba simu ni ngao. Lakini ngao haimlishi mtu siku mzigo unapoporwa. Siku hiyo mjomba yule yule ndiye anayetafutwa.

Vita vimelipima jambo hili kwa ukali ambao hakuna mtafiti angethubutu kuupanga. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, na fedha taslimu zikawa adimu. Kwa familia zilizokimbia Masisi, na kwa wachuuzi waliobaki na mali vilimani, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zikawa ndizo benki. Bila simu watu wangelala njaa zaidi. Sasa mtazame kijana wa kabine katika hali hiyo: meza chini ya mwavuli, simu tatu, daftari la kurasa zilizokunjika pembeni. Salio la mteja kwenye simu ni namba tu mpaka apatikane mtu mwenye noti. Noti yenyewe ya dola huipeleka juani, akaipapasa kingo, na ikiwa na mchaniko mdogo anairudisha, kwa kuwa naye hataipitisha mbele. Wakati noti hazitoshi, wakala ndiye anayeamua nani apewe leo na nani arudi kesho. Mfumo uliosifiwa kwa kuwaondoa watu wa kati umeishia kwenye uso wa mtu mmoja chini ya mwavuli, na swali lake ni lile la foni na la zizini: huyu namjua?

Nisieleweke kwamba kuonana uso kwa uso ni dawa. Masisi ina Wahunde, Wahutu na Watutsi, wengine wakiwa wazao wa watu walioletwa kutoka Rwanda na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji kuanzia mwaka 1937, na ugomvi wa ardhi na utawala haujazimika. Mauaji ya Machi 1993 yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, mahali ambapo watu walikuwa wakionana kila wiki. Soko halikuwazuia wauaji. Ila soko lina sharti ambalo kundi la WhatsApp halina: humchagui jirani wa meza. Kwenye simu kijana huingia kundi la watu wa lugha yake, akasikiliza sauti zilizorekodiwa na asiowajua kuhusu watu ambao jana aliwauzia maharage, na hakuna wa kumkatiza pale pale. Mfanyabiashara akipoteza wateja wa kabila jingine kwa njia hii, hasara inaanza kwenye daftari lake kabla ya kufika kwenye siasa.

Mfano ninaouona bora kwa vijana hawa ni wa kale kidogo kwa teknolojia yake: vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Kivu vinaitwa AVEC. Mtindo huo ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE. Wanachama hawazidi thelathini, sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu ambao si watunza sanduku. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na kando ya akiba kuna mfuko wa magonjwa na misiba. Mdaiwa anaketi akitazamana na wenye fedha yake. Simu inaweza kukumbusha siku ya mkutano na kupokea mchango wa aliye safarini, na hapo inafanya kazi nzuri. Ikichukua nafasi ya mkutano wenyewe, kinachobaki ni mkopo wa namba kwa namba, na namba hubadilishwa kwa kununua laini nyingine.

Nawaomba basi wanaoandaa mafunzo ya vijana wafanyabiashara Goma, Masisi na Walikale, pamoja na wafadhili wao, wapunguze siku za kufundisha matangazo ya mtandaoni na waweke katika bajeti nauli ya motari. Kijana anayenunua mali Ngungu au Ndjingala, njia ikiwa salama, apelekwe akakae siku mbili na wanaomuuzia. Na fomu ya kuomba mtaji, badala ya kuuliza ana wafuasi wangapi, imtake ataje watu watatu waliowahi kumkopesha na kulipwa.