Jina Linapofutwa: Historia Fupi ya Lahaja za Hifadhidata

Katika makala haya twakusudia kueleza jambo lidhaniwalo kuwa la mafundi peke yao, ilhali lawahusu watumiaji wote wa istilahi: kwa nini programu iliyofanya kazi vyema jana hushindwa leo kuwasiliana na hifadhidata yake, baada tu ya maktaba moja kupata toleo jipya.

Hifadhidata ni ghala la kumbukumbu zilizopangwa. Kiendeshi ni programu ipelekayo maombi katika ghala hilo na kurudisha majibu. Maktaba ni mkusanyo wa programu zilizo tayari, ambazo mtungaji huziazima badala ya kuziandika upya. Mwaka 2006 Mike Bayer alitoa maktaba ya SQLAlchemy kwa watumiaji wa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Kwa kuwa kila hifadhidata ina desturi zake, maktaba hiyo iliiwekea kila moja sehemu ya kuisemesha, nayo ikaitwa kwa neno ambalo kwetu ni lahaja. Mwenye hifadhidata isiyo ya kawaida aweza kujitungia lahaja yake.

Historia ya hifadhidata moja yatosha kuwa mfano. Ilianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, ikiitwa POSTGRES. Mwaka 1996 ikapewa jina la PostgreSQL, lakini jina la kwanza halikutoka vinywani mwa watu. Maktaba nayo iliyapokea yote mawili kwa miaka mingi. Kisha Machi 2021, katika toleo la 1.4, ikalifuta la zamani. Anwani zilizoanza kwa ‘postgres’ zikakataliwa. Ghala lilikuwa zima na neno la siri lilikuwa sahihi. Zilizopungua ni herufi mbili tu.

Watunzi wa lahaja zao wenyewe walikuwa na kazi zaidi. Toleo hilohilo liliwataka watamke waziwazi kama lahaja zao zaafiki utaratibu mpya wa kuhifadhi tungo zilizokwisha kuandaliwa. Lahaja isiyotamka ilipewa onyo na kukosa faida hiyo. Januari 2023 toleo la 2.0 likabadili jina la njia ya kukiita kiendeshi, kutoka ‘dbapi’ kuwa ‘import_dbapi’. Safari hii jina la zamani liliendelea kupokewa, pamoja na onyo.

Kwa hiyo fundi asikimbilie kuifumua hifadhidata. Asome taarifa ya kosa hadi mstari wa mwisho, arudishe toleo la awali kwa muda, ayaache maonyo yote yajitokeze, ndipo arekebishe jina moja baada ya jingine.

Nasi tuna funzo letu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita hakikufutika. Wenyewe waliendelea kukisema, na msikilizaji wa Unguja aliwaelewa. Binadamu hukisia, mashine haikisii. Karani atafutaye ‘kompyuta’ katika orodha ya nyaraka hatapata jalada lililoandikwa ‘tarakilishi’, hata kama limo.

Hivyo yafaa kila orodha ya istilahi ionyeshe neno jipya, neno lililoachwa na mwaka wa badiliko, na yote mawili yapokewe kwa muda uliotangazwa. Kusanifisha ni kazi yetu. Kuwaonya watumiaji mapema ni sehemu ya kazi hiyo.