Jinsi ya kutambua na kutibu degedege kwa mtoto mchanga
Mtoto mchanga, yaani asiyetimiza siku 28, aweza kupatwa na degedege bila mwili wote kutikisika. Pengine hukodoa macho upande mmoja, hutafunatafuna, huchezesha miguu kama mpanda baiskeli au pumzi hukatika kwa muda. Ukishika kwa upole kiungo kinachotetemeka, mtetemeko wa kawaida hutulia. Wa degedege huendelea.

Visababishi vikuu ni ubongo kukosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, upungufu wa sukari mwilini na maambukizi kama homa ya uti wa mgongo.

Hospitalini, sukari hupimwa mara moja. Ikiwa imeshuka, mtoto hutiwa glukosi mshipani. Degedege likiendelea, hudungwa fenobabitoni. Mashine ya kupima umeme wa ubongo ndiyo huthibitisha ugonjwa.

Mzazi asimtie chochote kinywani wala kungojea mganga wa nyuni. Kuchelewa huweza kumwachia mtoto ulemavu wa maisha.