Waliotangulia Njiani: Viongozi na Wapagazi wa Kibo

Msomaji aliyekwisha kupitia sura za mwanzo za kitabu hiki, zinazoeleza habari za wamisionari, walimu na wachungaji wa kwanza, huenda akashangaa kukuta hapa sura inayohusu kupanda mlima. Mlima haukubatizwa, wala hauna kiti katika Baraza la Wazee. Hata hivyo, ni vigumu kuupata ukoo katika mitaa yetu ambao haujatoa mtu wa kwenda Kibo akiwa na mzigo wa mwingine kichwani, nasi katika miaka 100 ya usharika huu hatujapata kuwaandika watu hao kwa kazi yao hiyo. Kamati ya Jubilei imeniruhusu kujaribu.

Wazee wetu waliujua mlima kabla haujaandikwa katika kitabu chochote. Walisimulia jinsi Mawenzi alivyozoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, hata Kibo akachoshwa na uvivu wa jirani yake akampiga vibaya, na ndiyo sababu kichwa cha Mawenzi kimevunjika-vunjika hadi leo. Upande wa Kibo ulikuwa upande wa heshima, na kwa desturi marehemu alilazwa kaburini uso wake ukielekea huko. Wala si kweli kwamba hakuna Mchagga aliyethubutu kwenda juu. Rebmann aliandika masimulizi aliyoyapata Machame, kwamba mtawala wa zamani wa huko aliwatuma watu kwenda kuchunguza ule weupe ni kitu gani, na kwamba aliyerudi ni mmoja tu, Sabaya, naye mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Nijuavyo mimi, huyo ndiye mtu wa kwanza wa mlima huu ambaye jina lake limehifadhiwa. Wenzake waliobaki huko hawana majina.

Johannes Rebmann mwenyewe, Mjerumani wa Württemberg aliyetumwa na chama cha misioni cha CMS cha Uingereza, aliiona theluji tarehe 11 Mei 1848. Alipomwuliza kiongozi wake wa njia juu ya weupe ule, alijibiwa kwa neno moja la Kiswahili: baridi. Habari hiyo ilipofika Ulaya, mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika ya Mashariki, aliikana kwa miaka mingi, akidai kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kiongozi yule wa msafara, asiye na shahada yoyote, alikuwa amekwisha kulimaliza shauri hilo kwa neno lake moja.

Baada yake walikuja wengine. Baron von der Decken alijaribu mwaka 1861 na tena mwaka 1862, asifike mbali juu ya meta 4,000. Charles New, mmisionari wa Methodisti, aliigusa theluji mwaka 1871. Hatimaye Hans Meyer wa Leipzig, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, walifika ukingo wa kreta tarehe 3 Oktoba 1889, wakaona kwamba kilele chenyewe kiko mbele zaidi, wakashuka kambini, na tarehe 6 Oktoba wakakifikia. Meyer alikiita kwa jina la Kaisari Wilhelm.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Meyer alikuwa amepokewa Marangu na Mangi Marealle, na watu wa Marangu ndio waliompitisha msituni. Huko juu penye baridi kali, walipolala Wazungu hao wawili, alilala nao pia Muini Amani wa Pangani, akilinda kambi na kupika wakati wao wakiwa barafuni. Aidha, alikuwapo kijana wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo. Kwa masimulizi yake mwenyewe ya uzeeni, aliitwa barazani kwa Mangi kwa kosa la kukwepa kazi ya barabara, na kwa kuwa aliufahamu msitu akateuliwa kuwaongoza wageni. Je, alifika kileleni? Meyer anawataja Wazungu wawili tu. Mzee Lauwo alisimulia mengine. Mimi sioni haja ya kulikata shauri hilo. Kuna jambo lililo wazi zaidi: kwamba kwa miaka 100 kamili karibu hakuna aliyemwuliza. Ilipofika mwaka 1989, katika maadhimisho ya karne moja ya safari ile, ndipo alipokumbukwa, akajengewa nyumba. Alifariki mwaka 1996, akihesabiwa kuwa na umri wa miaka zaidi ya 120. Leo penye lango la Marangu limo kumbukumbu lenye jina lake na majina ya wapagazi wenzake, na wageni wetu wa Dayosisi watakaopita huko nawaomba walisome.

Kanisa letu nalo halikuwa mbali na mlima. Misioni ya Leipzig ilianza kazi Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896, na nyumba za misioni zilijengwa mahali ambapo mwalimu akifungua dirisha asubuhi anamwona Kibo. Zaburi ya 121 imehubiriwa katika sharika hizi pengine kuliko zaburi nyingine yoyote, na si rahisi kumshawishi msikilizaji wa Kichagga kwamba mwandishi wake alikuwa akitazama vilima vya Yerusalemu.

Lakini kati ya wamisionari wote waliopenda mlima huu, hakuna aliyemfikia Mchungaji Richard Reusch. Alizaliwa Urusi katika jamaa ya Kijerumani, akawa askari kabla ya kuja Tanganyika mwaka 1923, akafundisha na kuhubiri upande wa Arusha na Marangu. Alipanda Kibo mara nyingi. Mwaka 1926 alimkuta chui aliyekauka kwa baridi karibu na ukingo wa kreta, chui yule yule ambaye Hemingway alimtaja katika hadithi yake ya mwaka 1936. Mwaka 1927 aliiona kreta ya ndani, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Tumheshimu, maana alikuwa mtu wa imani na wa miguu yenye nguvu. Hata hivyo mtu hapandi Kibo mara nyingi hivyo peke yake. Palikuwa na wabeba kuni, wabeba maji na wabeba mablanketi, na baadhi yao walikuwa Wakristo wa sharika hizi, wanafunzi wake au baba za wanafunzi wake. Msomaji akiitazama ramani ya kilele ataona majina ya Gillman, Stella, Hans Meyer, Rebmann, Decken na Kersten. Jina la mpagazi mimi sijaliona.

Majina mengine yalibadilika. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya Tanganyika na Mwenge kileleni, na kilele cha Kaisari kikawa Uhuru. Kibanda cha Bismarck kikaitwa Mandara, kwa kumbukumbu ya Mangi Rindi wa Moshi, na kibanda cha Peters kikaitwa Horombo, kwa jina la mtawala wa Keni. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977.

Kwa faida ya wageni ambao hawajapanda, nieleze safari yenyewe kama inavyofanyika kwa njia ya Marangu. Huchukua siku tano au sita. Siku ya kwanza ni msitu, kutoka langoni hadi Mandara penye meta 2,720. Njia ni nzuri, mbega hurukaruka juu ya miti, na mgeni hujiona kijana. Siku ya pili msitu hukoma, huanza nyika ya majani na maua, na jioni wasafiri hufika Horombo, meta 3,720, ambapo mawingu yako chini ya miguu na taa za Moshi huonekana usiku. Wenye busara hukaa hapo siku moja zaidi ili mwili uzoee. Kisha huvuka jangwa kati ya Mawenzi na Kibo, mahali pasipo maji wala kivuli, hadi kibanda cha Kibo, meta 4,700 hivi. Hapo hakuna usingizi wa maana. Karibu na usiku wa manane kiongozi huwaamsha, huwapa chai, na safari ya gizani huanza juu ya changarawe inayoteleza, hatua mbili mbele na moja nyuma, hadi Gillman alfajiri, na kutoka hapo kwa ukingo wa kreta hadi Uhuru, meta 5,895.

Huko juu msukumo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani. Kichwa huuma, tumbo hukataa chakula, na mtu mwenye elimu kubwa huweza kushindwa kufunga kamba za viatu vyake. Maji yakianza kujaa mapafuni au ubongo ukivimba, dawa ya hakika ni moja, nayo ni kushuka upesi. Kwa hiyo kazi kubwa ya kiongozi si kuonyesha njia, kwa kuwa njia inaonekana. Kazi yake ni kutazama nyuso. Ndiye anayesema pole pole tangu siku ya kwanza, na ndiye anayepaswa kumwambia mgeni aliyelipa fedha nyingi kwamba leo hafiki, geuka. Nilipopanda mara yangu moja, nikiwa mwanafunzi wa theolojia, nilimwona kiongozi wetu akimgeuza mtu mzima aliyekuwa akilia kwa hasira, akamshika mkono akamshusha kama mtoto. Sijasoma mahali popote mfano bora zaidi wa kazi ya uchungaji.

Nyuma ya kiongozi wako wapagazi, ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu. Mgeni mmoja huhitaji wawili, watatu au zaidi. Kanuni ya Hifadhi huweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo mmoja. Huondoka kambini baada ya wageni na kufika kabla yao, ili hema au chakula viwe tayari. Ada za mlimani zimesomesha watoto wetu wengi, na sehemu ya mabati ya kanisa hili ilinunuliwa kwa sadaka zao. Jambo hilo watunza hazina wetu wanalijua. Msimu mkubwa hukutana na Krismasi na Mwaka Mpya, hivyo katika ibada ya mkesha upande wa wanaume huwa na nafasi, na mama nyingi hukaribia meza ya Bwana peke yao. Niliwahi kumsikia mzee mmoja wa kanisa akiwahesabu watu hao miongoni mwa watoro wa ibada. Sikukubaliana naye wakati ule, wala leo sikubaliani naye.

Wako pia wasiorudi. Mimi mwenyewe nimewazika vijana wawili wa kazi hiyo. Mmoja alipatwa na mvua ya barafu akiwa na koti la kuazima, akashushwa kwa machela akiwa amekwisha kukata roho. Kampuni iliyomchukua, ambayo sitaitaja, ilileta jeneza zuri na mtu wa kusoma salamu za rambirambi. Mkataba haukuwapo, na baba yake alirudi nyumbani na bahasha isiyotosha ada ya shule ya muhula mmoja ya mdogo wake. Katika kitabu cha mazishi, mahali pa kazi ya marehemu, karani aliandika kama ilivyo desturi yetu: mkulima. Nimevipitia vitabu vyetu vya mazishi vyote vilivyosalimika. Wakulima ni wengi mno, na neno mpagazi halimo hata mara moja.

Kwa sababu hiyo, kwa ruhusa ya Baraza la Wazee, kurasa nne zinazofuata zimeachwa wazi katika nakala itakayotunzwa ofisini. Wazee wa mitaa wameombwa kuleta majina ya watu wote wa usharika huu waliofanya kazi mlimani, walio hai na waliolala: jina la ubatizo, ukoo, mtaa, na miaka ya kazi kama inakumbukwa. Waliofia mlimani wataandikwa kwanza. Majina 17 yamekwisha kupokelewa, mengi yao yameletwa na wajane.